Fizi Kwanza, Mpangilio wa Meno Baadaye



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi vijana wetu wa shule na madrasa za Arua na Koboko. Baada ya kumshukuru Allah na kumswalia Mtume wetu (s.a.w.), leo tuzungumze juu ya jambo lililo mdomoni mwa kila mmoja wetu, lakini halizungumzwi.

Mzazi akiona meno ya mtoto wake yamepandana, huhuzunika. Huwaza arusi, huwaza picha, huuliza bei ya waya za kunyooshea meno. Lakini akiona mate ya mtoto huyo huyo yana damu kila asubuhi anapopiga mswaki, hunyamaza. Husema ni mswaki mgumu, au ni joto la mwili, litapita. Jino lililopinda linaonekana na watu, basi linatushughulisha. Ufizi unaooza hauonekani, basi tunauacha.

Maoni yangu ni kwamba tumeupindua mpango. Fizi ndizo za kwanza, na mpangilio wa meno unafuata. Anayenyoosha meno juu ya fizi mgonjwa ni sawa na anayepaka rangi nyumba ambayo msingi wake unaliwa na maji.

Fizi huharibikaje?

Jino halikupigiliwa mfupani kama msumari. Limeshikwa na nyuzi ndogo ndogo zinazoliunganisha na mfupa wa taya, na ufizi umefunika juu kama kola ya shati. Kila siku utando laini wenye vijidudu vingi hujijenga juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Ukiuacha, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa ukoga, ule uchafu mgumu wa manjano au kahawia ambao mswaki hauwezi tena kuuondoa.

Ufizi ukikaa na utando huo huvimba, huwa mwekundu na kutoka damu. Hatua hii inapona kabisa mtu akisafisha vizuri. Lakini ikiachwa miaka, kwa watu wengi ugonjwa huteremka chini. Nyuzi hukatika, mfupa huliwa, na kati ya jino na ufizi hutokea vifuko ambavyo mswaki haufiki. Mwisho jino hulegea. Mfupa ulioliwa kwa kawaida haurudi wenyewe. Na ubaya wake ni huu: mara nyingi hauumi. Jino lililotoboka litakuamsha usiku. Fizi zitakuibia meno ukiwa umelala.

Wala si maradhi ya watu wachache. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi.

Je, tuna hakika kwamba chanzo ni utando huo? Ndiyo. Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, mtafiti Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima wakawaambia waache kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote fizi zao zilivimba. Waliporudi kusafisha, fizi zikapona katika muda wa wiki moja hivi. Hawakupindishwa meno, wala hawakunyooshwa. Kilichobadilika ni usafi tu.

Sasa meno yaliyopandana yana kosa gani?

Nyumba yenye pembe nyingi haichafuki yenyewe. Humchosha tu anayefagia. Ndivyo yalivyo meno yaliyobebana. Hayaozeshi fizi kwa kupinda kwake, bali huuficha uchafu. Angalia meno ya mbele ya chini kwa ndani, upande wa ulimi. Hapo mate humwagika kwa wingi, ukoga hujenga upesi, na meno yakiwa yamepandana mswaki hupita juu juu tu. Mtu hupiga mswaki kila siku kwa dhati, na bado damu inatoka mahali pale pale.

Ziko njia nyingine ambazo mahali pa jino hugusa ufizi moja kwa moja:

Jino lililosukumwa nje ya mstari huwa na mfupa mwembamba sana upande wa mdomo. Likisuguliwa kwa nguvu, ufizi hurudi nyuma na mzizi huonekana.

Mtu ambaye meno yake ya juu yamefunika sana ya chini, huweza kuuma ufizi wake mwenyewe kila anapotafuna.

Mtoto asiyefunga midomo kwa sababu meno yametoka mbele, au kwa sababu anapumulia mdomo, fizi zake za juu hukauka na kuvimba.

Na jino likingolewa bila kuzibwa pengo lake, majirani huanza kuinama kuelekea pale, na jino linalolikabili hurefuka. Meno yaliyoinama hufanya mifuko mipya ya uchafu. Kwa hiyo kung'oa jino moja leo kunaweza kuwa mwanzo wa fizi kuugua miaka kumi baadaye.

Nani hupindisha meno ya watoto wetu?

Baadhi ni maumbile. Mtoto hurithi taya dogo na meno makubwa, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Lakini sehemu nyingine ni mikono yetu, na hapa nawaomba wazazi wavumilie maneno yangu.

La kwanza ni meno ya utoto kung'olewa mapema. Tunasema, ni ya utoto tu, yatatoka mengine. Kumbe magego ya utoto ndiyo yanayoshika nafasi mpaka mtoto afike miaka 10 hadi 12. Yakiondoka akiwa na miaka 5, magego ya nyuma husogea mbele, na jino jipya linapokuja halina mlango. Hutoka kando, juu ya mwenziwe. Chonge za juu ndizo huumia zaidi, kwa sababu huchelewa kutoka, kwenye miaka 11 au 12, na hukuta nafasi imekwisha.

La pili ni gego la miaka 6. Hili hutoka nyuma ya meno ya utoto bila kung'oka jino lolote, basi wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Likitoboka hawajali. Ni la maisha hilo. Likiondoka, upande mzima wa taya hubadilika.

La tatu ni zito zaidi. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, wapo wanaosema ana meno mabaya ndani ya ufizi. Waganda wengi huyaita ebinyo, na Tanzania yalipata jina la meno ya nailoni. Mtu huchukua kisu au njiti ya baiskeli akachokonoa ufizi wa mtoto na kutoa kitu cheupe. Kitu hicho si minyoo wala si ugonjwa. Ni chonge ya utoto ambayo haijatoka bado. Desturi hii si ngeni Uganda: mwaka 1969 mtaalamu Pindborg aliandika habari zake miongoni mwa Waacholi, majirani zetu wa ng'ambo ya Nile. Watoto wamekufa kwa damu na kwa vidonda vilivyooza. Aliyepona, mara nyingi huharibika jino la ukubwani lililo chini yake, au hulikosa, au humea mahali pasipo pake.

Mtoto anayeharisha anahitaji maji yenye chumvi na sukari ya hospitali, madini ya zinki, na kuendelea kunyonya. Hahitaji kisu. Watoto wetu, na watoto wa wakimbizi wa Sudan Kusini na Kongo wanaoishi nasi, wote ni amana. Bibi anayefanya kazi hii mtaani anaijua familia yako na anakupenda, lakini mapenzi yake hayafanyi kisu kuwa dawa. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie.

Tiba inayoponya na tiba inayodhuru

Watu wengi hudhani kila kinachofanywa na daktari wa meno ni cha faida kwa fizi. Si hivyo. Tiba ni kama dawa, ina namna yake.

Kuondolewa ukoga ni tiba iliyo kubwa na rahisi kuliko zote, nayo ndiyo tunayoiogopa. Husemwa kwamba kusafishwa hulegeza meno. Ukweli ni kinyume. Jino lililoshikwa na ukoga tayari limepoteza mfupa. Ukoga ukitoka, mtu huhisi mwanya na kulegea ambako kulikuwapo. Kumlaumu aliyesafisha ni kumlaumu aliyefungua dirisha kwa sababu vumbi limeonekana.

Kuziba jino ni kheri, lakini kizibo chenye ukingo uliozidi huwa rafu ya uchafu karibu na ufizi. Ukihisi uzi unakwama au unachanika baada ya kuzibwa, rudi ulalamike. Ni haki yako.

Meno ya bandia yanayotoka na kurudi ni msaada kwa aliye kibogoyo, lakini yakilaliwa usiku bila kuoshwa hukandamiza fizi na kuziwasha. Ama jino la kubandikwa na fundi asiye na leseni, likagandishwa na meno ya jirani bila njia ya kupitisha mswaki, hilo nalihesabu kuwa madhara. Unanunua jino moja na kuuza mawili.

Sasa tuje kwenye waya za kunyooshea meno. Mwaka 2008 jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti zilizofanywa kabla. Waandishi hawakupata ushahidi wa kutegemewa kwamba kunyoosha meno kunaboresha afya ya fizi kwa jumla. Walichokuta ni hasara ndogo sana, sehemu ya milimita, katika ufizi na mfupa. Hii haina maana kwamba waya ni mbaya. Kwa mtu ambaye meno yake yanauma ufizi, au yamepandana kiasi kwamba hayasafishiki, daktari bingwa anaweza kumfaa sana. Maana yake ni kwamba tusizinunue kwa kudhani ni dawa ya fizi.

Waya huongeza pembe za kufagia. Kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, kijana anabeba vyuma ambavyo chakula hukaa kila upande. Akiwa msafi, anavuka salama. Akiwa mvivu, fizi huvimba na madoa meupe hubaki kwenye meno. Tena waya zinahitaji kurudi kwa daktari kila baada ya wiki kadhaa. Ikiwa mtaalamu yuko Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua, nani atalipa basi kila mwezi? Mzazi akilipa mwanzo na akashindwa katikati, mtoto hubaki na vyuma mdomoni visivyosimamiwa. Ni bora usianze. Na waya za mapambo zinazouzwa mitandaoni, zisizo na daktari, msiziguse kabisa.

Na dini yetu je?

Swali hili vijana huuliza, hasa mabinti. Imepokewa kwa Ibn Mas'ud (r.a.) hadithi inayowalaani wanaochonga mianya ya meno kwa ajili ya uzuri na kubadilisha umbile la Allah. Wengi kwetu huona mwanya ni urembo, basi onyo hilo linatuhusu. Lakini wanazuoni wengi wa zama zetu wametenganisha pambo na tiba. Kuondoa kasoro inayodhuru, inayozuia kutafuna au kusafisha, ni tiba. Mfano wake ni kisa cha Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyepoteza pua vitani, akaweka ya fedha ikanuka, na Mtume (s.a.w.) akamruhusu ya dhahabu. Wanazuoni wamekitumia kisa hicho katika mas'ala ya meno pia. Kwa jambo lako mahsusi, muulize shehe wako pamoja na daktari wako.

Mimi naona hapa afya ya fizi inatusaidia kupima nia. Jiulize: ningelitaka hili hata kama hakuna atakayeniona? Anayejali fizi zake anajali kitu ambacho watu hawakioni.

Na mswaki je? Tunajua jinsi Mtume (s.a.w.) alivyouhimiza, hata akakaribia kuufanya lazima kwa kila sala. Basi ni aibu kwetu kuwa umma wa mswaki wenye fizi zinazotoka damu. Mti wa mswaki ni mzuri, lakini wengi wetu tunausugua kwa nguvu, kulia na kushoto, kwenye meno sita ya mbele tu. Ncha yake ilainishwe, ipelekwe kutoka ufizi kuelekea ncha ya jino, na ifike nyuma ya meno ya chini na kwenye magego. Usiku kabla ya kulala tumia pia mswaki wa dukani na dawa yenye floraidi.

Wapo watakaosema

"Hatuna pesa." Kweli, maisha ni magumu. Lakini fizi ndiyo sehemu ya mwili ambayo maskini anaweza kuilinda karibu sawa na tajiri, kwa mswaki na dakika mbili. Anayeshindwa kununua waya hajakosa kitu kikubwa. Aliyeacha fizi zikaoza atalipa kwa kila tonge la nyama na muhogo atakaloshindwa kutafuna uzeeni.

"Hakuna daktari karibu." Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua ina kitengo cha meno. Walio Koboko wana kama kilomita 55 za lami mpaka Arua. Lakini kwanza waulizie hospitalini Koboko siku za afisa wa meno. Na tukumbuke kuwa tangu 2001 serikali ilifuta malipo katika hospitali za umma, isipokuwa kwenye wodi za kulipia. Tusingoje mpaka jino liwe la kung'olewa. Tukienda kwa kung'oa tu, watatung'oa tu.

"Wazee wetu hawakujua haya na meno yao yalikuwa mazuri." Baadhi, ndiyo. Lakini hawakunywa chai ya sukari nyingi mara nne kwa siku na soda juu yake. Na wazee waliopoteza meno yote hatuwakumbuki kwa sababu tuliwazoea hivyo.

Basi tufanye nini?

1. Damu ikitoka, usiache kusafisha mahali pale. Safisha zaidi, kwa upole. Isipokoma baada ya wiki mbili, nenda ukaonwe.

2. Mtoto asafishwe meno na mzazi mpaka afike kama miaka 7 au 8. Dawa yenye floraidi iwe kama punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na kama punje ya njegere kwa wa miaka 3 hadi 6. Ateme, asisukutue kwa maji mengi.

3. Mwenye meno yaliyopandana apitishe uzi wa meno, au mswaki mdogo wa katikati ya meno, mara moja kwa siku. Mswaki peke yake haumtoshi.

4. Jino la utoto lililotoboka liulizwe kama linaweza kuzibwa kabla ya kung'olewa. Likibidi kung'olewa mapema, uliza juu ya kushika nafasi.

5. Mama mjamzito na mwenye ugonjwa wa kisukari waonwe fizi zao. Ujauzito huongeza kutoka damu. Na kisukari na fizi huharibiana. Mvutaji wa sigara pia ajihadhari, kwani tumbaku huharibu fizi huku ikipunguza damu, akadhani yu mzima.

6. Anayetaka waya aponye fizi kwanza, aondolewe ukoga, na aonyeshe miezi mitatu ya usafi bila damu. Hilo likimshinda, waya zitamshinda.

7. Mwezi wa Ramadhani tusiache usafi kwa kisingizio cha saumu. Baada ya kufuturu na baada ya daku tusafishe meno vizuri.

Nina ombi pia kwa maimamu na walimu wa madrasa. Mlango wa twahara husomeshwa kila mwaka. Somo moja tu la mlango huo lifanyike kwa mswaki mkononi, watoto wafungue midomo, waangaliane wapi uchafu umebaki. Na kamati za misikiti zimwalike afisa wa meno baada ya sala ya Ijumaa, mara mbili kwa mwaka, aangalie fizi na azungumze na kina mama juu ya vifizi vya watoto wachanga. Khutba moja juu ya ebinyo inaweza kuokoa roho.

Wazazi wenzangu, tabasamu la mtoto wetu si lazima lifanane na la kwenye tangazo. Jino lililopinda kidogo juu ya ufizi mzima litamtumikia mpaka awe babu au bibi. Jino lililonyooka juu ya ufizi mgonjwa halitamfikisha huko.

Allah awape afya watoto wetu, awasaidie wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaojitwaharisha nje na ndani. Aamin.

Wabillahi tawfiq.